Sifuri Kabla ya Moja

Masagati, kupitia Mlimba
12 Februari 1996

Mzee Beatus Ligembe,

Shikamoo. Hunifahamu. Mimi naitwa Levina Matimbwa, mwalimu wa darasa la nne hapa Masagati. Jina lako nimepewa na karani wa posta wa huko Ifakara. Aliniambia kwamba kabla hujaanza kutengeneza redio pale Viwanja Sitini ulikuwa fundi wa simu miaka mingi, na kwamba bonde zima hili hakuna anayezijua simu za kuzungusha kama wewe. Alisema pia kuwa una maneno makali, lakini nimejipa moyo.

Nina simu ya zamani, nyeusi, ya mezani. Haijaunganishwa na waya wowote, na huku kwetu hata nguzo za simu hazijafika. Ninachotaka kujua ni hiki: nitatambuaje kama ile sehemu ya kuzungusha namba ni yake yenyewe, au ilibadilishwa vipande? Naomba unieleze kama unavyomweleza mtoto wa darasa la nne.

Ninayo sababu ya kuuliza, ila si ya kuandika kwenye barua ya kwanza kwa mtu nisiyemjua. Unisamehe kwa hilo. Nimeweka stempu ya kujibia.

Wako mtiifu,
Levina Matimbwa


Viwanja Sitini, Ifakara
24 Februari 1996

Mwalimu Levina,

Marahaba. Huyo karani anasema nina maneno makali kwa sababu aliniletea redio iliyokuwa ikikoroma, nikamwonyesha mende wanne waliokuwa wamezaliana ndani yake, nikamwambia awalipe mshahara wa utangazaji. Hajacheka mpaka leo.

Swali lako limenifurahisha kuliko nilivyotazamia. Siku hizi watu wana simu za kubonyeza, ikiharibika inatupwa jalalani, hakuna anayeuliza ndani mna nini. Haya, tafuta bisibisi ndogo na kitambaa cheupe cha kuwekea skrubu, maana zikidondoka kwenye sakafu ya udongo hutaziona tena.

Kitu kizima kinachozunguka tunakiita daili. Usiseme tena "ile sehemu ya kuzungusha", mafundi watakucheka. Juu kabisa ni gurudumu la vidole, lile lenye matundu kumi. Chini yake kuna bamba lililoandikwa namba, hilo halizunguki. Upande wa kulia kuna kizuizi, kichuma kilichopinda kinachokikamata kidole kisipitilize. Ukifungua kwa nyuma utaona springi inayolirudisha gurudumu, na gavana inayoushika mwendo wake lisirudi kama limefukuzwa. Halafu kuna vyuma viwili vyembamba vinavyogusana na kuachana. Hivyo viwili ndivyo vinavyoitaja namba kwenye waya. Vingine vyote vinavitumikia hivyo.

Sasa kutambua. Tazama bamba. Ya zamani yalikuwa ya enameli, magumu kama sahani ya kulia wali. Yaliyofuata ni ya plastiki, na plastiki hugeuka njano. Bamba lisilo la daili hiyo halikai sawasawa, linaacha upenyo unaoingia ukucha. Tazama pia miaka: chini ya simu pana mwaka, na nyuma ya daili pana mwaka. Ikipishana sana, ujue hizo mbili hazikuzaliwa pamoja. Halafu kuna alama ya fundi. Sisi hapa tulikuwa na sheria kwamba ukibadilisha chochote unakwaruza herufi za jina lako na tarehe kwa ndani, ili bosi ajue wa kumfokea.

Lakini macho hudanganyika. Kipimo cha kweli ni sikio. Tia kidole kwenye moja, vuta mpaka kizuizini, halafu usiliachie gurudumu, lirudishe taratibu huku umelishika. Utasikia vile vyuma vikigonga. Moja inagonga mara moja. Mbili, mara mbili. Unakwenda hivyo mpaka tisa, na sifuri, ambayo kwetu inakaa mwisho, inagonga mara kumi. Hesabu ikitimia, daili yako ni nzima hata kama vipande vyake vimeokotwa mitaa saba.

Niandikie ulichokiona. Mimi sizitengenezi tena na nyumbani sikuweka simu, ingawa wanangu wamenisema sana. Ila kuzizungumza naona hakunidhuru.

Beatus Ligembe


Masagati
9 Machi 1996

Mzee Beatus,

Shikamoo. Mende wa karani nimewasimulia walimu wenzangu, na mwalimu mkuu akaenda kuikagua redio yake.

Nimeifungua simu jana, mama alipokuwa nje anaanika mpunga. Simu ni yake, na hapendi iguswe. Nimeona hivi. Chini ya simu pameandikwa 1962, nyuma ya daili 1971. Bamba ni la plastiki, njano kama jino la mvuta tumbaku, lakini limekaa sawa kabisa na daili. Upenyo uko kati ya daili na simu yenyewe. Nadhani basi daili nzima ilitoka mahali pengine, ikapachikwa hapa. Nimefaulu?

Jambo lingine. Umesema sifuri kwenu inakaa mwisho. Kwenye hii inakaa mwanzo, kabla ya moja. Nilidhani nimeishika kichwa chini miguu juu, nikaigeuza, ikawa vilevile.

Na la mwisho, ambalo limenifanya nicheke peke yangu. Kwa ndani pamekwaruzwa hivi: B.L. 5/4/79. Mzee wangu, si ni wewe huyo? Unaikumbuka?

Kipimo cha sikio bado sijakifanya. Nasubiri siku mama atakayokwenda jumuiya.

Wako,
Levina


Viwanja Sitini
16 Machi 1996

Mwalimu,

Marahaba. B.L. tulikuwa wengi. Sikumbuki.

Sifuri kukaa mwanzo si kitu, ni mtindo tu wa watengenezaji. Daili ni nzima. Usijisumbue na kipimo cha sikio, simu ikikaa muda mrefu kutu huongeza milio na kuipunguza. Na hizo simu za zahanati zilishikwa ovyo na kila mtu, huwezi kuzitegemea kwa lolote.

Nakushauri uizike au uwape wahunzi. Kuweka nyumbani kitu cha namna hiyo hakuna faida.

Nina redio nyingi za watu, sitakuwa na nafasi ya kuandika tena.

B. Ligembe


Masagati
1 Aprili 1996

Mzee Beatus,

Shikamoo.

Sikukuambia kwamba simu hii ilitoka zahanati. Nimezisoma tena barua zangu zote mbili, maana huwa naandika kwanza kwenye daftari. Neno hilo halimo.

Basi na mimi niache kuficha. Mama yangu ni Wilhelmina, aliyekuwa muuguzi wa zahanati ya Njiwala, kule juu ya Mofu. Najua unalijua jina hilo kama linavyojulikana bondeni kote. Sikulitaja mwanzoni kwa sababu tumezoea: ukilitaja, mtu anatafuta kofia yake anaaga.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikikaa kwa bibi Mlimba. Siku ya Matawi, mwaka sabini na tisa, maji yaliizunguka zahanati. Mama alikuwa na wagonjwa wanne wasioweza kutembea, na mmoja wao, Philomena, alikuwa na siku tatu tu tangu ajifungue. Boti ya injini ilikuwa mjini, kwenye ofisi ya boti, simu namba 23. Mama anasema alipiga 23 tangu saa nane mchana mpaka maji yalipofika mezani. Iliita kila mara, na hakuna aliyepokea. Jioni ukuta ulianguka. Walikufa wote wanne na mtoto wa Philomena. Mama alikutwa asubuhi juu ya mti.

Valeriani wa boti aliapa mbele ya kamati ya uchunguzi kwamba siku nzima alikaa ameegemea simu ile na haikuita hata mara moja. Watu waliokuwa naye wakaapa vilevile. Kamati ikaandika kwamba muuguzi hakupiga. Wengine wakasema alilewa, wengine wakasema alipanda mti mapema akawaacha. Gosbert, mumewe Philomena, alimtemea mate mlangoni mwa kanisa. Ndiyo maana tuko Masagati.

Simu aliichukua mwenyewe kwenye matope kabla kamati haijafika, akaifunga kwenye khanga. Wao wakaandika kuwa imechukuliwa na maji. Aliogopa wangesema ameivunja. Mpaka leo iko juu ya sanduku lake, na kila Jumapili ya Matawi, akitoka kanisani, anaiinua na kuzungusha 23, halafu anakaa ameshika mkono wa simu sikioni. Nikiwa msichana nilimuuliza anasikia nini. Akasema, "Bado inaita." Nilikuwa naogopa kulala chumba kimoja na simu ile, na nisikudanganye, bado naogopa.

Jana ilikuwa Matawi. Alipozungusha nilisimama nyuma yake nikahesabu. Kisha nikamwomba, nikapima namba zote kumi kama ulivyonifundisha, mara tano, mama akitazama. Sifuri inagonga mara moja. Moja inagonga mara mbili. Mbili inagonga mara tatu. Hakuna kutu duniani inayohesabu sawasawa namna hiyo.

Mama ana uvimbe tumboni na waganga wa Mlimba wamesema hatufiki naye mbali. Miaka kumi na saba hajapokea Komunyo. Padre anamwambia aungame, yeye anajibu hawezi kuungama asichojua kama alikifanya. Anafikiri labda kwa hofu vidole vyake vilikosea namba, na kwamba ndiye aliyewaua. Anataka kujua hilo tu kabla hajafa. Wewe ndiye pekee unayeweza kumwambia.

Levina


Viwanja Sitini, Ifakara
13 Aprili 1996

Mwalimu Levina,

Mwambie mama yako vidole vyake havikukosea. Mwambie leo hii, kabla hujamaliza kusoma.

B.L. ni mimi. Nilidhani mto ulishaimeza simu ile. Barua yako ya Machi ilipofika niliisoma nimesimama. Kisha nikakuandikia uongo, na uongo wenyewe haukuwa hata na akili.

Alhamisi ile nilikwenda Njiwala kwa mtumbwi kwa sababu gavana ya daili yao ilikuwa imevunjika. Daili mpya hatukuwa nazo. Tulikuwa na sanduku la simu zilizotumika, msaada kutoka Swideni. Nzuri sana, ngumu, lakini kwao sifuri inakaa kabla ya moja, kwa hiyo kila namba inagonga mara moja zaidi ya yetu. Kwao ni sahihi. Ukiifunga kwetu, anayezungusha 23 anapata 34. Jambo hili tulifundishwa siku ya kwanza sanduku lilipofunguliwa: usitoke karakana na daili hujatazama sifuri iko wapi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafokea wengine kwa hilo.

Siku hiyo sikutazama. Mvua ilikuwa inakuja, mwenye mtumbwi ananihimiza, nikachukua ya juu kabisa kwenye sanduku. Nilipoifunga nilisubiri Nazari wa kituo cha simu anipigie kutoka mjini, maana tulikuwa tumepatana saa. Ikaita, nikasikia sauti yake safi. Simu yenye daili mbaya inapokea vizuri tu, Mwalimu. Ilitakiwa nipige mimi. Sikupiga. Mama yako alinipa ndizi za njiani, nikaondoka.

Kwa hiyo alipiga 23, ikaenda 34. Namba hiyo haikuwa na mwenyewe. Valeriani naye alisema kweli, simu yake haikuita. Wote wawili walisema kweli, na mimi nilikaa kwenye benchi la nyuma la kamati nikiwasikiliza. Nilikuwa na watoto watano na kazi. Nilijiambia kwamba waliokufa wamekufa. Mwaka uliofuata niliacha kazi ya simu.

Mvua zikikatika nitakwenda Njiwala, nitamwomba padre nafasi baada ya misa, niseme mbele ya watu wa marehemu. Usinishukuru kwa hilo.

Beatus Ligembe


Masagati
20 Juni 1996

Mzee wangu Beatus,

Shikamoo sana.

Sikuwepo Njiwala, lakini nimesimuliwa yote na Gosbert mwenyewe. Alishuka treni Mlimba, akalala, akatembea na kuomba lifti za malori mpaka hapa, na gunia la mchele. Anasema ulisimama mbele ukiwa umeshika kofia kwa mikono miwili, ukasema bila kusoma karatasi, na ulipochora ubaoni zile namba na milio yake hata mabibi wasiojua kusoma walielewa. Anasema Valeriani alitoka nje, wakamkuta ameshika ukuta wa kanisa analia, anarudia, "Nilikuwa nimekaa tayari na injini ina mafuta." Wapo waliokutukana. Wapo walioinuka kukupa mkono. Sijui wewe ulijisikiaje, hilo hakuweza kuniambia.

Gosbert alipiga magoti mlangoni petu. Mama akamwambia, "Inuka baba, magoti yako ni ya kizee." Wakakaa wakazungumza habari za Philomena mpaka chai ikapoa, jinsi alivyokuwa akicheka, na jina walilotaka kumpa mtoto.

Jumapili mama alikwenda kwa miguu yake mwenyewe kanisani, akapokea Komunyo. Nilikuwa nimekaa na darasa langu la nne, nikalia mbele ya watoto wote. Ulichelewa sana, Mzee, na kuna siku nakuchukia. Lakini Jumapili ile sikukuchukia.

Ana hali nzuri kwa sasa, anakula. Amekuandikia mwenyewe, barua yake imo humu ndani. Sikuisoma.

Mwanao,
Levina


Masagati
20 Juni

Ndugu Beatus,

Amani ya Kristo. Mkono wangu umekuwa mzito, usinicheke mwandiko.

Nakukumbuka. Ulikuwa kijana mwembamba, ulikaa chini kwenye sakafu ya zahanati umetandaza skrubu zako kama mama muuza karanga, na ulinifokea nilipotaka kupita. Nilikupenda kwa jinsi ulivyoipenda kazi yako.

Nimekusamehe ile daili. Nami niliwahi kumpa mgonjwa dawa isiyo yake kwa haraka, Mungu akamlinda. Haraka ni ugonjwa wetu sote. Kukaa kimya ulikokaa ni kitu kingine, hicho nakisamehe polepole, lakini nakisamehe.

Nina neno moja tu linanisumbua. Levina amenisomea kwamba 34 haikuwa na mwenyewe. Ndugu yangu, nimetumia simu miaka kumi. Namba isiyo na mwenyewe inalia mlio wake wa kukataa. Hii iliita. Nilisikia inaita kila mara, sawasawa kabisa, mpaka nachoka. Ilikuwa ni nyumba au ofisi ya mtu, na wenyewe walikuwa hawapo. Labda walikuwa kwenye maandamano ya matawi kama watu wote.

Nataka kujua ilikuwa kwa nani. Sina ubaya nao, ningependa tu niwaombee kwa jina, na kama wako hai uwaambie wasijilaumu kwa kutokuwepo. Nadhani wewe uliona vibaya kuwataja mbele ya watu.

Wilhelmina


Viwanja Sitini, Ifakara
28 Julai 1996

Mama Wilhelmina,

Shikamoo. Barua yako nimeibeba mfukoni wiki nne. Ningeweza kukutajia duka lolote lililofungwa zamani, na wewe ungeliombea, na Mungu angejua anisikilize vipi. Nilishaandika jina la duka. Nimeichana barua hiyo.

34 ilikuwa simu ya karakana yetu. Ilikuwa simu ya majaribio, haikuwemo kwenye kitabu cha namba. Mtu wa kituo alikuwa anaipiga kupima laini, na desturi yetu ilikuwa kwamba simu ya majaribio haipokelewi. Ukiinua mkono wa simu unaharibu kipimo. Unakaa karibu nayo na penseli, unahesabu milio, unaandika kama ni mizuri au imekwaruza. Fundi aliyeipokea alichekwa wiki nzima.

Jumamosi Nazari aliniambia kwamba mvua zikiendelea huenda kesho yake angejaribu laini. Kwa hiyo Jumapili ya Matawi sikwenda kwenye maandamano. Nilikaa karakana peke yangu. Saa nane na dakika chache ikaanza kuita.

Nilihesabu, mama. Mara ya kwanza milio ishirini na miwili. Nikaandika: mizuri. Ikanyamaza, ikaita tena, kumi na tisa. Mizuri. Nilikuwa na chai na maandazi. Nilifurahi kwamba laini zetu zinavumilia mvua kubwa namna ile, na nikawaza kwamba Nazari leo ameamua kuchapa kazi. Iliita mara kumi na moja kwa jumla. Ya mwisho ilikuwa milio sita tu, ikakatika katikati, nikaandika alama ya kuuliza.

Nilikuwa nimekaa umbali wa mkono. Nisingehitaji hata kuinuka.

Jumatatu nilimwonyesha Nazari karatasi. Akanitazama akasema, "Jana? Mimi nilitoka misa nikalala, mvua yote ile." Jumanne zikaja habari za Njiwala. Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Karatasi niliichoma kwenye jiko la nyumbani, lakini haikusaidia, zile hesabu kumi na moja nazijua zote kwa mfuatano, na ukiniamsha usingizini nitakutajia. Kanisani Njiwala nilisema habari ya daili kwa sababu daili ni kosa la mikono. Hili nililificha kwa sababu nilikuwepo.

Ulitaka jina la kuombea. Ni langu. Sikuombi kitu.

Beatus


Masagati
19 Agosti 1996

Beatus,

Barua imefika. Naandika nikiwa nimelala, na Levina sikumwambia kilichomo. Usinijibu.

Ya mwisho niliikata mimi. Maji yalikuwa yamefika mezani, ikabidi niweke mkono wa simu chini nimwinue mtoto.

Kabla ya hapo, kila ilipokuwa inaita, nilikuwa nasema kwa sauti, "Pokea, baba. Pokea." Philomena alikuwa kwenye kitanda cha dirishani, akaniuliza nazungumza na nani. Nilimwambia simjui.

Wilhelmina